Dekoda Zilizotumika: Majibu kwa Wasomaji

Barua kuhusu dekoda za setilaiti zilizotumika zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuzitengea ukurasa wote wa maswali katika toleo hili. Nyingi zimetoka mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako wapangaji huhama mara kwa mara na dishi huachwa juu ya paa likimngoja atakayeingia, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu atajuaje kwamba kile anacholipia leo kitafanya kazi nyumbani kwake kesho? Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na barua ndefu tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Bwana Mhariri, nimeona kwenye Facebook Marketplace tangazo la dekoda ya DStv pamoja na dishi na rimoti, kwa nusu ya bei ya dukani. Muuzaji yuko Githurai. Nilipomuuliza kama inafanya kazi, alinitumia picha ya runinga yenye ujumbe wa E16, akasema kwamba ni malipo ya mwezi tu yaliyokwisha na kwamba nikilipia itafunguka papo hapo. Anataka nimtumie pesa kwa M-Pesa kisha aniletee mzigo kwa bodaboda. Akaunti, anasema, iko kwa jina la shemeji yake aliye ng'ambo. Unanishauri nini?
— Msomaji, Umoja

Jibu: Ndugu msomaji, usitume pesa yoyote kabla hujaiona dekoda hiyo ikifanya kazi na kabla hujazungumza na huyo shemeji.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Dekoda ya kulipia si kama pasi, ambayo ukishainunua na kuibeba imekuwa yako. Kinachofungua chaneli ni kibali ambacho kampuni hukituma kupitia setilaiti kwa kadi fulani, au kwa kifaa chenyewe ikiwa dekoda ni ya aina isiyotumia kadi, na kibali hicho kimeambatanishwa na akaunti ya mtu mwenye jina na nambari ya kitambulisho. Maadamu akaunti ni ya shemeji, wewe mbele ya kampuni ni mgeni. Huwezi kuomba marekebisho, na siku akiripoti kwamba dekoda yake imepotea, itafungwa hata kama umelipia mwezi mzima asubuhi ya siku hiyo. Ikiwa akaunti hiyo ina deni au mzozo wa zamani, utaukuta humo ukikungoja.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuhamisha umiliki. Wahudumu wa kampuni hawatakueleza habari za akaunti isiyo yako, na wanafanya vyema; anayepaswa kuwapigia simu au kuwaandikia ni mwenye jina. Kuwa ng'ambo si kizuizi kwa mtu mwenye simu. Kama shemeji yupo kweli na ameridhia mauzo, ataandika. Kama kila ukimwomba muuzaji akuunganishe naye unapewa udhuru mpya, hapo umeshapata jibu lako.

Sasa tuje kwenye picha. Ujumbe wa E16 una maana kwamba huduma kwenye akaunti imesimamishwa au imekatwa. Kutolipia mwezi ndiyo sababu ya kawaida, lakini ujumbe wenyewe haukuhakikishii kwamba ndiyo sababu pekee. Kuna jambo moja la manufaa tunaloweza kulisoma humo: kwa kawaida dekoda isiyopata mawimbi huonyesha E48, hivyo kifaa kilichopigwa picha kilikuwa kikipokea mawimbi wakati huo. Hata hivyo, huna njia ya kujua kama kilichopigwa picha ndicho utakacholetewa na bodaboda.

Nenda Githurai mchana, dishi likiwa bado limefungwa ukutani kwake. Mwambie aiwashe, kisha linganisha nambari iliyobandikwa chini ya dekoda na ile inayoonekana kwenye menyu ya skrini; zikitofautiana, rudi nyumbani. Fungua ukurasa wa mawimbi, utazame vipimo viwili vinavyoonyeshwa, nguvu na ubora, na ukumbuke kwamba kipimo cha ubora ndicho chenye uzito zaidi, kwa maana nguvu inaweza kuwa ya juu hata pale ambapo picha inakatikakatika. Mkubaliane kwamba utalipia kifurushi cha chini kabisa cha mwezi mmoja na kwamba kiasi hicho kitatolewa kwenye bei. Baada ya malipo, ngojeni hadi chaneli zifunguke, na usiridhike na moja au mbili, bali pitia nyingi. Dekoda hutuma volti 13 au volti 18 kwenye kebo ili kuielekeza LNB, yaani kile kifaa kidogo kilicho mbele ya dishi, ipokee fungu gani la mawimbi, na sehemu inayotuma volti hizo ikiharibika, mara nyingi kwa sababu ya radi au ya kebo iliyogusana ndani, utaona kundi moja la chaneli likionekana vizuri huku kundi jingine halionekani kabisa. Muuzaji atakuambia kwamba dishi limesogea kidogo. Huenda ni kweli, lakini yeye ndiye anayepaswa kulithibitisha kwa kulirekebisha mbele yako.

Iache iwake kwa muda wa saa moja hivi mkizungumza. Dekoda iliyochoka huwa na kapasita zilizovimba katika sehemu inayopokea umeme, nayo hufanya kazi vizuri ikiwa baridi kisha hujizima na kujiwasha ikipata moto. Hitilafu hiyo haionekani kwa dakika tano. Jaribu tundu la HDMI pamoja na yale matundu ya rangi ya runinga za zamani, hasa lile utakalolitumia wewe.

Neno la mwisho ni bei. Kampuni za runinga hupunguza bei ya dekoda mpya mara kwa mara, hasa mashindano makubwa ya kandanda yanapokaribia, na dekoda mpya huja na udhamini pamoja na akaunti safi yenye jina lako. Ukiongeza kwenye ile nusu ya bei malipo ya fundi wa kushusha na kupandisha dishi, kebo mpya, na nauli ya siku nzima, tofauti hupungua sana. Kwa maoni yangu, dekoda ya kulipia iliyotumika ina thamani pale tu umiliki unapohamishwa siku ileile ya malipo. Bila hilo, hata robo ya bei ni ghali.

Swali: Mimi ni fundi, nina kibanda karibu na Luthuli Avenue. Karibu kila siku huletewa dekoda na watu nisiowafahamu wanaotaka niwanunulie. Wengine wana shida za kweli, lakini wengine nawashuku. Rafiki yangu ananiambia kwamba mimi sina kosa mradi nimelipa pesa halali. Je, ni kweli?
— Fundi, katikati ya jiji

Jibu: Ndugu fundi, si kweli, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kufikwa na mambo. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamfanya mhalifu mtu anayepokea mali ya wizi kwa nia isiyo ya uaminifu, iwe anajua kwamba ni ya wizi au ana sababu ya kuamini hivyo, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 14. Maneno ya kuzingatia ni hayo ya kuwa na sababu ya kuamini. Mtu akikuletea dekoda nne zisizo na rimoti, waya zikiwa zimekatwa kwa kisu, akakubali bei yoyote unayotaja, sababu unayo tayari, na kulipa pesa halali hakuiondoi.

Kuna upande wa pili ambao mafundi wengi hawaufikirii. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, kila anayeuza kitu anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kukiuza, hata kama hakutamka neno. Ukimuuzia mteja dekoda ya wizi na mwenyewe akajitokeza na kuichukua, mteja huyo anaweza kukudai pesa zake zote, na wewe utabaki kumtafuta kijana aliyekuletea, ambaye hata jina lake la pili hulijui. Kwa kuwa unafanya biashara ya vifaa hivyo, sheria inakudai pia kwamba unachouza kiwe katika hali inayofaa kuuzwa, wajibu ambao jirani anayeuza dekoda yake moja ya nyumbani hana kwa kiwango hicho. Mteja aliyekikagua kifaa mwenyewe hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua, na ndiyo sababu nakushauri uwe na dishi juu ya paa la jengo na kila mnunuzi uiwashe dekoda mbele yake.

Weka daftari. Andika tarehe, jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji baada ya kukiona kitambulisho chenyewe, nambari ya dekoda, nambari ya kadi na bei uliyolipa, kisha mwambie atie sahihi. Lipa kwa M-Pesa kwa nambari yenye jina lilelile la kwenye kitambulisho, ili kumbukumbu ibaki. Kabla ya kulipa, mwambie aipigie simu kampuni kutoka kwenye simu yake na aombe uhamisho wa umiliki huku wewe ukisikia. Mwizi hatapiga simu hiyo. Utapoteza baadhi ya biashara kwa masharti haya, nami sikufichi hilo, lakini ile utakayoipoteza ndiyo iliyokuwa ikikunyima usingizi hadi ukatuandikia. Ukishuku kwa nguvu, usiinunue kwa nia ya kuipeleka polisi baadaye, kwa sababu itakuwa vigumu kueleza kwa nini ulilipa kwanza. Ikatae, na ukitaka kutoa taarifa, itoe siku hiyohiyo.

Swali: Nilinunua risiva ya zamani ya chaneli za bure kutoka kwa jirani yangu hapa Ruai. Fundi alilielekeza dishi, na ubora wa mawimbi ukapanda vizuri. Lakini chaneli zilizoingia ni chache mno, na baadhi yake zina sauti bila picha. Nilinunua nyingine, nayo hata haina tundu la kuingiza kebo ya dishi. Je, nimelaghaiwa mara mbili?
— Mama wa watoto watatu, Ruai

Jibu: Mama, pole kwa gharama. Huenda hakuna aliyekulaghai kwa makusudi, maana wauzaji wengi hawajui tofauti ninayotaka kukueleza, lakini vyote viwili havikufai.

Risiva ya kwanza imepitwa na wakati. Mawimbi ya setilaiti hufungashwa kwa mtindo fulani kabla ya kurushwa, na risiva isiyoufahamu mtindo huo haiwezi kuufungua, hata dishi liwe zuri namna gani. Mtindo wa zamani wa kurusha unaitwa DVB-S, na uliofuata, uliochapishwa mwaka 2005, ni DVB-S2. Picha nazo hubanwa kwa mitindo yake: MPEG-2 ndiyo ya zamani, kisha ikaja MPEG-4, na siku hizi ziko chaneli zinazotumia H.265, ambayo hubana zaidi. Risiva yako, kwa dalili ulizoeleza, ni ya DVB-S na MPEG-2. Chaneli zinazorushwa kwa DVB-S2 haizioni kabisa, kana kwamba hazipo, na hiyo ndiyo sababu ya uchache. Zile zinazorushwa kwa mtindo wa zamani lakini picha zake zikiwa zimebanwa kwa MPEG-4 inazipata nusu: inaielewa sauti, picha inaishinda. Mtu akikuambia kwamba sauti bila picha ni hitilafu ya waya, mwonyeshe chaneli nyingine kwenye risiva hiyohiyo iliyo na picha safi, naye ataona kwamba waya ni mzima.

Ya pili ni ya antena. Wengi huchanganya aina hizi mbili kwa sababu sote tunaziita dekoda au king'amuzi. Ya dishi ina tundu lenye nyuzi za skrubu, ambapo kebo hukazwa kwa kuzungushwa. Ya antena kwa kawaida ina tundu laini ambalo plagi husukumwa tu. Maandishi yaliyo nyuma au chini ya kifaa hukata shauri: herufi S ni ya setilaiti, na herufi T ni ya minara ya nchi kavu, kama ule wa Limuru unaohudumia Nairobi. Usiitupe hiyo ya pili kabla hujayasoma maandishi hayo. Ikiwa imeandikwa DVB-T2, nunua antena ya kawaida, ielekeze upande wa Limuru, na huenda watoto wakapata chaneli za bure za humu nchini bila dishi lolote. Ikiwa imeandikwa DVB-T peke yake, haina kazi hapa. Kenya ilianza matangazo ya dijitali mnamo Desemba 2009 kwa mtindo huo, kisha ikahamia DVB-T2, na familia zilizonunua mapema zikabaki na vifaa visivyopokea kitu. Baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Nairobi mwaka 2015, vifaa hivyo vya kwanza viliingia tena sokoni kama vitu vilivyotumika, na bado vinazunguka. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaoviokota ni walewale wasio na pesa ya kununua mara ya pili.

Mrudie jirani yako kwa upole, mweleze haya, na uombe angalau nusu ya pesa zako. Ukinunua tena, tafuta kifaa kilichoandikwa DVB-S2 pamoja na MPEG-4 au H.265, na kama maandishi yamefutika, usikinunue.

Swali: Nimepewa na binamu yangu dekoda na dishi la Azam. Naishi Pipeline, ghorofa ya nne, na jengo la jirani limepanda kuliko letu. Fundi mmoja anasema haiwezekani kupata mawimbi hapa, mwingine anasema inawezekana. Nani mkweli?
— Msomaji, Embakasi

Jibu: Inategemea jengo hilo liko upande gani, na unaweza kupima mwenyewe kabla ya kumlipa fundi yeyote.

Setilaiti za runinga hukaa juu ya mstari wa ikweta, takribani kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kila moja ina kituo chake kinachotajwa kwa nyuzi za longitudo. Nairobi iko karibu nyuzi 36.8 mashariki na zaidi kidogo ya uzi mmoja kusini mwa ikweta. Setilaiti inayotumiwa na DStv hapa kwetu iko nyuzi 36 mashariki, maana yake ni kwamba iko karibu juu ya utosi wetu. Azam hutumia setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, na kwa mtu wa Nairobi hiyo iko magharibi kabisa, kwa mwinuko wa nyuzi 55 hivi kutoka upeo wa macho.

Kwa hiyo, kama ghorofa ya jirani iko mashariki, kaskazini au kusini mwako, haikuhusu. Kama iko magharibi, piga hesabu: kwa kila mita 10 kati ya dishi lako na ukuta wake, ukuta huo unaweza kulizidi dishi kwa takribani mita 14 tu kabla haujaziba mawimbi. Pipeline majengo yamesongamana sana, na uchochoro wa mita tatu huruhusu kimo cha kama mita nne, yaani zaidi kidogo ya ghorofa moja. Ukiweza kulipandisha dishi hadi paani kwa ruhusa ya mwenye nyumba, nafasi yako itakuwa nzuri zaidi.

Hesabu hiyohiyo huleta jambo ambalo wanunuzi wa vifaa vilivyotumika hulisahau. Varanda inayotazama magharibi inaweza kulipokea vizuri dishi la Azam, lakini haifai kwa dishi la DStv, kwa sababu sakafu ya ghorofa ya juu inaziba anga ya utosini. Mtu anayenunua dekoda ya DStv akitegemea kulifunga dishi varandani atapata E48 daima, kisha atamlaumu muuzaji asiye na hatia. Usidanganywe pia na umbo la dishi lenyewe: madishi mengi ya nyumbani yametengenezwa kupokea mawimbi yanayotoka juu zaidi ya pale uso wake unapoonekana kuelekea. LNB ya binamu yako, ikiwa kifuniko chake cha plastiki kimepasuka na maji yameingia, ibadilishe bila kujadiliana, maana mpya haigharimu sana.

Swali: Kuna kijana anauza risiva iliyotumika inayounganishwa na intaneti, anasema inafungua chaneli zote za kulipia kwa malipo kidogo kwake kila mwezi. Je, ninunue?
— Kijana wenu, Kawangware

Jibu: Usinunue. Anachokiuza ni kibali cha mteja mwingine kinachogawanywa kwa watu wengi kupitia intaneti bila idhini ya mwenye matangazo, na kukwepa vizuizi vya aina hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hushirikiana na polisi katika kesi kama hizo. Kando na sheria, huna mkataba wowote naye: siku mtambo anaoutegemea ukizimwa, utabaki na kasha na simu isiyopokelewa. Ukitaka risiva hiyo kwa chaneli za bure tu, ilipie bei ya risiva ya kawaida na ukatae hayo malipo ya kila mwezi.

Swali: Tunahama South B kwenda Nyeri, nami nataka kuuza dekoda yenye kurekodi. Imelipiwa hadi mwisho wa mwezi ujao. Je, nikishaiuza, mnunuzi akiitumia vibaya, nitahusishwa? Pia nina dekoda mbili za zamani zilizokufa. Mafundi wanakataa hata kuziangalia.
— Mama, South B

Jibu: Mama, ndiyo, utahusishwa kwa kiasi, maana kampuni inalijua jina lako na haimjui mnunuzi. Akiipeleka kwenye baa yenye wateja mia moja ilhali mkataba wake ni wa matumizi ya nyumbani, simu itakuja kwako. Kamilisha uhamisho wa umiliki kabla ya kuitoa mikononi mwako. Usome pia mkataba wako, kwa sababu katika mikataba mingi ya namna hii kadi hubaki kuwa mali ya kampuni hata kama dekoda umeinunua, na katika hali hiyo unachouza ni dekoda, huku kadi ikihamishwa kwa ridhaa ya kampuni.

Mwezi uliokwisha kulipiwa ni haki kuujumlisha kwenye bei, mradi umhakikishie mnunuzi kwamba malipo hayo yatahama pamoja na akaunti. Uliza kwanza, usiahidi kwa kubahatisha. Iondoe dekoda kwenye programu ya simu yako, badilisha nywila, na ufute vipindi ulivyorekodi kwa kuirudisha dekoda katika hali ya kiwandani. Mweleze mnunuzi ukweli kuhusu diski ya kurekodia, kwani ndiyo sehemu inayochakaa mapema kuliko nyingine, na kama inatoa mlio wa kugongagonga au inakwama wakati wa kurudisha picha nyuma, bei ishuke. Kama dekoda yako inahitaji LNB ya aina maalumu, kama zilivyo nyingi za kurekodi, mpe na LNB hiyo, la sivyo ataifunga kwenye dishi lake la zamani na kukupigia simu usiku akidai kwamba umemuuzia kitu kibovu. Andikianeni karatasi fupi yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya dekoda, tarehe na bei, na kila mmoja abaki na nakala.

Kuhusu zile zilizokufa, jaribu fundi mmoja zaidi, umuulize kama anataka vipuri: adapta, rimoti na vifuniko bado vina wanunuzi. Akikataa, tafadhali usizitie kwenye gunia la taka za jikoni. Madini ya risasi yaliyotumiwa kuunganishia vipuri katika vifaa vya zamani ni sumu, na plastiki ya kebo ikichomwa ili kupata shaba hutoa moshi unaodhuru mapafu ya wanaoishi na kufanya kazi karibu na majaa ya jiji. Hapa Nairobi, WEEE Centre hupokea vifaa vya umeme vilivyokufa na kuvitenganisha kwa njia salama. Zipeleke kabla lori la kuhamia halijafika, na kabla ya kuzikabidhi, zitoe kadi ndani yake na uzikate vipande viwili kwa mkasi.